Bega la Mrushaji

Jumapili, 6 Aprili

Nafua tena. Suruali nyeupe, magoti yote mawili yamejaa tope na rangi ya majani. Sijui nani aliamua mchezo wa kugaagaa chini uchezwe kwa nguo nyeupe. Nimeloweka, nimesugua, nimeloweka tena. Vidole vimekufa ganzi.

Mechi ya kwanza ya msimu, na Korongo wameshindwa. Korongo ndiyo timu ya mume wangu. Besiboli. Kabla sijaja London sikujua kama kuna watu wanaicheza huku. Ni kama nage yetu ya skuli, ila wana gongo, na hawacheki. Mmoja anarusha mpira, mmoja wa timu ya pili anaupiga, wengine wametawanyika kwenye majani wanangoja. Nassor ndiye mrushaji. Anasimama katikati peke yake, juu ya kichuguu kidogo, na uwanja mzima unamtazama. Mimi kuliko wote.

Asubuhi nzima kwenye benchi la chuma. Upepo wa Barking unaingia mpaka kwenye mbavu. Nimechoka, hata kuandika nachoka. Lakini kila anapotaka kurusha hugeuka kwanza, akanitafuta kwa macho. Wallahi moyo unaruka. Tumeoana Disemba na bado unaruka. Mume wangu. Nimeandika kwa sababu napenda kuliona neno lenyewe. Mume wangu.

Jumatano, 16 Aprili

Mimi shifti ya asubuhi, nyumba ya wazee. Yeye shifti ya mchana, bohari la Stratford, kupakia maboksi. Tumepishana mlangoni. Kanibusu kwenye paji la uso, kaondoka. Chai aliyoniachia ilikuwa bado ya moto.

Nimeinywa nimesimama. Nimelala na koti.

Jumapili, 4 Mei

Wameshindwa. Kila Jumapili wanashindwa.

Leo Bwana Harish alikuja kukaa nami. Ndiye kocha. Amezaliwa Kisumu, ana duka la vyombo Tooting, na Kiswahili chake ni cha kule kwao. Tangu siku ya kwanza ananiita bibi harusi.

"Bibi harusi, wacha kulia bana. Hatujazikwa bado."

Sikuwa nalia. Ilikuwa baridi. Nikamwambia, akacheka, akanipa glavu zake. Halafu akaacha kucheka. Timu itakayomaliza ya mwisho inashuka daraja, na ikishuka uwanja huu watapewa wengine. Korongo watacheza wapi, hajui. "Wachezaji niko nao wengi. Mrushaji niko naye mmoja tu, huyo wako. Mlishe vizuri."

Nimemlisha vizuri. Nimepika pilau na kachumbari. Amekula kwa mkono wa kushoto. Nassor, mtoto wa mama wa Kipemba, kula kwa kushoto! Nilimtazama. Akatazama sahani.

Ijumaa, 9 Mei

Ni bega. La kulia, la kurushia. Linamuuma tangu Aprili na hakusema. Hawezi kuvaa shati bila kukaza meno, na kazini maboksi anayabeba hivyo hivyo. Nimemwambia aende hospitali. Hataki. Daktari atamkataza kurusha, Bwana Harish atamweka benchi, timu itashuka.

"Hili la ndani, Raya. Usimwambie mtu. Plizi."

Nimekubali. Somo yangu alinifunza hivyo kabla ya harusi: ya chumbani niyaache chumbani, nisimpelekee hata mama. Alinifunza na kuchua. Nimetoa chupa aliyonifungia kwenye sanduku, mafuta ya nazi yaliyopikwa na karafuu. Nimemchua mpaka mikono ikaniuma mimi. Alilala katikati ya sentensi, mdomo wazi. Mzuri hata hivyo. Nilikaa namtazama kama mjinga.

Jumapili, 18 Mei

Wameshinda! Wameshinda! Nilimchua baada ya alfajiri, na tena kabla hatujatoka nyumbani. Alirusha kama mtu mwingine. Wapigaji wa upande wa pili walikuwa wanapiga hewa, mmoja mpaka akaanguka. Nilisimama juu ya benchi, mtandio ukaruka, nikapiga kigelegele. Hapa London! Watu wakageuka. Nassor akacheka peke yake juu ya kichuguu chake.

Bwana Harish kapita, kavuta pumzi. "Huyu bwana leo ananukia biriani."

Furaha tele. Miguu imevimba.

Jumapili, 8 Juni

Idi ilikuwa juzi. Hatukupumzika, mimi nilikuwa kazini. Leo wameshinda tena. Sasa hawako mkiani. Bega halijapona, linatulia tu. Namchua, anarusha, usiku anagumia usingizini. Kisha namchua tena.

Naogopa. Nampenda na naogopa, na sina nguvu za kutenganisha.

Jumapili, 22 Juni

Siku mbaya.

Joto kali, joto la kwetu kabisa, nikadhani ni neema. Nilimpaka mengi kuliko siku zote kwa sababu aliamka hawezi kuinua mkono. Mechi ilipofika katikati jasho lilikuwa linamtiririka kutoka begani, kwenye kiwiko, mpaka kwenye vidole. Mpira mmoja ukachepuka vibaya, karibu umpige mtu usoni. Mwamuzi akauomba. Akaugeuza. Akaunusa.

Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Katika mchezo huu mrushaji haruhusiwi kupaka mpira kitu chochote. Mafuta huufanya uteleze na kupinda, mpigaji asijue unakokwenda. Ni wizi. Mwamuzi alimshika Nassor mkono, akaunusa nao, mbele ya watu wote. Akamtoa nje. Upande wa pili wakaanza: "Jamani chipsi! Nani kaagiza chipsi?" Wengine wakaita mwizi.

Bwana Harish alimuuliza Nassor mara mbili ni mafuta gani, ya nini. Kimya. Nikaelewa. Akisema mafuta, atasema bega. Akisema bega, harushi tena. Amechagua kuitwa mwizi.

Wameshindwa.

Jumatatu, 23 Juni

Amelala ameelekea ukutani. Nimempelekea chai. Ameniambia si kosa langu. Ni mimi niliyepaka. Tena kwa mapenzi, nikiimba.

Alhamisi, 26 Juni

Bwana Harish amepiga simu. Kamati ya ligi itamwita Nassor. Wakimwona na hatia watamfungia miaka miwili na jina lake litasomwa kwa timu zote. Alitaka kuzungumza na mimi. "Bibi harusi, mimi namjua huyu kijana tangu yuko mtoto. Si mwizi. Kuna kitu. Niambie."

Nilisema sijui. Sauti yangu mwenyewe iliniudhi.

Leo bibi mmoja kazini aliniuliza kwa nini bibi harusi anaonekana amechoka hivi. Nikacheka. Nikaenda chooni nikakaa.

Jumamosi, 5 Julai

Chumba kidogo Stratford, meza ndefu, watu watatu wa kamati nyuma yake. Nassor alivaa suti ya harusi. Walimuuliza aliweka nini kwenye mpira. Akasema hakuweka kitu. Wakamuuliza mafuta yalitoka wapi. Akasema hana la kusema. Mara ya pili, hana la kusema. Yule wa katikati akachukua kalamu.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita. Kiingereza changu cha kidato cha nne kikatoka chote kwa pamoja. Nikasema ni mimi. Nikasema kwetu mke humchua mumewe, na haya ni mafuta ya maumivu, si ya mpira. Nikaweka chupa mezani. Wakanusa mmoja mmoja. Mwanamama wa pembeni akasema ni harufu ya daktari wa meno. Halafu akauliza, kwa upole kabisa: maumivu yapi?

Nassor aligeuka. Alinitazama kama anavyonitazama kabla ya kurusha, ila macho yalikuwa yananiomba.

Nikasema. Bega la kulia. Tangu Aprili.

Bwana Harish, aliyekuwa nyuma yetu, alishusha pumzi ndefu. "Ah, Nassor. Nassor bana."

Hawakumfungia. Jina lake ni safi, wameandika hivyo. Ile mechi imebaki tumeshindwa. Na Nassor harushi mpaka daktari aseme.

Kwenye treni alikaa kiti cha mbele yangu, si pembeni.

Jumatano, 9 Julai

Daktari amesema msuli umechanika. Si sana. Angeendelea kurusha ungekatika. Msimu huu basi, na maboksi mazito basi. Kazini wamempa kazi ya kuskani lebo za maboksi.

Ananijibu. Ndiyo, hapana, ahsante. Nimeuliza kama ananichukia. Kasema hapana. Kasema, "Mbele ya watu, Raya. Ya chumbani."

Ningerudi pale ningesema tena. Na bado nalia.

Jumapili, 20 Julai

Korongo wameshindwa vibaya. Wamemweka mrushaji fundi bomba mmoja, maskini, anarusha kama anatupa taka. Nassor hakwenda uwanjani. Mimi sikwenda. Tulikaa nyumbani vyumba viwili tofauti, na nyumba yenyewe ina vyumba viwili.

Nimezungumza na mama, sikumwambia kitu. Nimemwambia hali ya hewa.

Jumapili, 3 Agosti

Bwana Harish alikuja na boksi la maembe ya Tooting, hata hakukaa. Alimwambia Nassor, mlangoni, nikasikia kutoka jikoni: "Timu inashuka, sawa, itapanda. Mimi nilikuwa nakupiga kama punda bila kujua. Unataka nilale vipi? Mshukuru huyo bibi." Nassor akasema anajua. Akasema polepole, lakini alisema.

Alikuja jikoni, akasimama. Akamenya embe moja kwa mkono mmoja, vibaya sana. Akanipa kokwa.

Nalipenda kokwa. Analijua hilo.

Jumapili, 31 Agosti

Mechi ya mwisho. Korongo walishashuka wiki iliyopita, hii ilikuwa ya kukamilisha tu. Nassor alisema twende. Nilitangulia kukaa benchini, mahali pangu, nikadhani atakwenda na wenzake. Akaja akakaa nami. Msimu mzima sijawahi kukaa na mume wangu uwanjani.

Fundi bomba alirusha. Si mbaya siku hizi. Kila mpira Nassor ananieleza, huu wa chini, huu alitakiwa aubane zaidi, na mguu wake unakanyaga pale pale kama yeye ndiye anayerusha. Niliona mara mbili anameza mate. Nilimwambia pole. Akatikisa kichwa.

Walishindwa. Hakuna aliyejali sana. Wachezaji walibaki wamelala kwenye majani, na Bwana Harish akawa anang'oa mifuko ya pembe za uwanja, ile wanayoikanyaga wakikimbia, akiikung'uta vumbi mmoja mmoja. Uwanja si wao tena.

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kuegemea, nikakumbuka nimekaa kuliani kwake, nikajizuia. Aliona.

"Njoo upande huu," akasema. "Hili zima."

Nikazunguka, nikaegemea.