Sale Halikataliwi

Pam, uko wapi? Pokea simu!

Dokta Rwegasira ametoka hapa kwetu Kirua sasa hivi. Amekuja na SALE mkononi. Jani letu Wachagga la kuombea msamaha, Pam! Mhaya mzima!

Ile makala yetu ya jinsi wazee wanavyosuluhisha ugomvi wa mipaka imetoka. Jina langu halipo kwenye waandishi. Mimi ndiye niliyezunguka vihambani, shamba kwa shamba, kuwahoji wazee kwa Kichagga, nikaandika yote kwa Kiswahili. Yeye akatafsiri tu kwa Kiingereza. Eti mwandishi ni aliyeandika Kiingereza! Mimi wamenitupa mwishoni kabisa, kwenye shukrani: "mkalimani".

Mkalimani!

Nikamwambia, "Dokta, si uwaandikie warekebishe?" Akasema, "Hellen, jarida likishatoka limetoka." Halafu akapiga goti pale sebuleni, mbele ya mama, akaninyooshea lile jani.

Nikarudisha mikono nyuma. Mama akanigeukia: "Pokea, mwanangu. Sale halikataliwi. Unataka kutuletea laana humu ndani?"

Nikapokea. Ningefanyaje, Pam? Nikapokea, nikamwambia nimemsamehe. Mama akaenda kumkatia mkungu wa ndizi.

Sasa nimekaa nalitazama tu hili jani. Unajua nani alimfundisha kwamba mtu akija na sale huwezi kumnyima msamaha?

Mimi. Nilimwandikia mwenyewe, neno kwa neno. Yamo kwenye makala, ukurasa wa tatu, kwa jina lake.