Kaka Yako Hayumo Kwenye Fomu

Dar es Salaam,
17 Januari 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu tulipoagana stendi? Mguu umepoa, au bado unausingizia ili Mama Maduhu akuchotee maji? Mimi mzima, ila joto la huku litaniua.

Mama, mwaka huu wa mwisho tumepata somo la ajabu. Mwalimu wetu, Dokta Cornel, haandiki ubaoni wala hatupi madesa ya kukariri. Siku ya kwanza aliingia kwenye chumba cha kompyuta, akatugawa wawili wawili, akasema: kila kundi litengeneze programu ya intaneti, itumiwe na watu wa kweli mpaka Juni. Isipotumiwa umefeli, hata ukilia. Kila Jumatano tunaonyesha tulipofika na wenzetu wanatukosoa hadharani. Wiki iliyopita nilitaka kuingia chini ya meza.

Intaneti ni kompyuta zilizounganishwa kwa simu. Mtu akiandika Mwanza, mimi nasoma hapa papo hapo. Mwenzangu kwenye kundi ni Nitin. Kwao wana duka Mwanza lenye kompyuta, na shangazi yake, Jasumati, anauza tochi na sululu Geita mjini. Sasa tumeamua kutengeneza ubao wa kutafutana na ndugu waliopotelea machimboni. Wachimbaji wataandika kwenye daftari la Jasumati, kila Ijumaa maandishi yao yataingizwa kwenye kompyuta Mwanza, na ujumbe wetu utachapwa na kubandikwa mlangoni pake.

Unajua namtafuta nani. Kaka Mabula ana miaka minne tangu agombane na baba akaenda Geita, na hajui kwamba baba tulimzika Agosti. Nataka nimpate, mama.

Mwanao,
Vumilia


Kolandoto,
9 Februari 1999

Kwa mwanangu Vumilia,

Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Sisi wazima, mvua imenyesha vizuri na pamba imesimama. Mguu wangu usiuseme, una adabu kuliko wewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kompyuta sikuyaelewa, ya kaka yako nimeyaelewa yote. Ni vizuri umeanza, maana huku mambo yamebadilika. Baba zako wadogo walikaa kikao Jumapili. Wamesema pamba ikishavunwa, tarehe kumi na saba mwezi wa saba, tunamaliza msiba wa baba yako, mkubwa wenu awepo asiwepo. Asipokuwepo, mahali pake atakaa Masele wa baba yako mdogo, na kuanzia hapo kaka yako hatahesabiwa tena kwenye kaya hii. Mtu mzima, anapumua, tumfanye kama hayupo? Niliondoka kikaoni nikaenda kulia jikoni, nikasingizia moshi.

Mtafute. Lakini sikia: usiandike huko kwamba baba yake amefariki. Msiba haubandikwi mlangoni pa duka. Andika tu kwamba nyumbani anahitajika.

Kula vizuri. Ulivyokuja Krismasi ulikuwa shingo tupu.

Mama yako


Dar es Salaam,
20 Machi 1999

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na palizi imeisha. Mimi afya ninayo, usingizi sina.

Ubao wetu unafanya kazi! Wiki tatu ulikuwa unakataa kwa sababu ya nukta moja niliyoisahau, lakini sasa mtu akijaza fomu, majina yanakwenda kukaa ghalani ndani ya kompyuta, na mwingine akiuliza yanatoka. Fomu nimeipanga mwenyewe: jina kamili kama kwenye cheti, jina la baba, kijiji. Ukiacha sehemu wazi haipiti.

Lakini mama, nimetafuta Mabula mpaka nimechoka. Hayumo. Shangazi yake Nitin anasema wachimbaji wanafika, wanatazama daftari, wanacheka, wanaondoka. Mwezi mzima wameandika sita tu.

Jumatano ikawa aibu. Dokta Cornel alitaka mtu wa nje ajaribu programu mbele ya darasa, na sisi wenye kazi tukae kimya, mikono nyuma. Nikamleta Bernadina, dada anayetupikia kantini, mtu wa Maswa, anamtafuta shemeji yake. Alianza vizuri. Kufika “jina la baba yake” akaondoa mikono kwenye vitufe. Kompyuta ikamwandikia kwa maandishi mekundu: JAZA SEHEMU HII. Akaitazama, akasema, “Hii mashine haina adabu,” akaondoka zake. Darasa zima kicheko. Nitin anasema dada wa watu alichoka tu. Mimi niliumia sana.

Mwanao,
Vumilia


Kolandoto,
11 Aprili 1999

Vumilia,

Marahaba. Tuko salama.

Nilicheka mpaka Mama Maduhu akaja kuchungulia. Halafu nikakasirika. Hivi wewe ni mtoto wa nani? Shule za bweni zimekuharibu kweli! Huyo anayetafutwa ni shemeji yake. Baba wa shemeji yake ni nani? Si mkwe wake huyo! Amtaje jina mkwe wake, tena mbele ya vijana wanaokodoa macho? Mwiko huo umeusahau? Umemdhalilisha. Nenda kamwombe radhi, tena upige magoti.

Na mimi je? Umewahi hata siku moja kunisikia nikimwita kaka yako jina hilo la cheti? Alipewa jina la babu yako, mkwe wangu. Tangu namnyonyesha namwita Mhoja, na nyumba nzima ikamwita Mhoja. Wewe mwenyewe ulimwita hivyo mpaka ulipoenda sekondari ukajifanya mtu wa karatasi.

Halafu jiulize, huko mashimoni nani atakupa jina la cheti? Kuna waliokimbia wake, waliokimbia kesi, waliokimbia kodi. Ukimuuliza jina la baba yake na kijiji, anakuona askari. Kwenye fomu yako kaka yako hayumo kwa sababu hukumwachia mlango wa kuingilia.

Nimesema kwa ukali, lakini najua unahangaika kwa ajili yangu. Wabeja, asante mwanangu. Nakupenda sana.

Mama yako


Dar es Salaam,
26 Mei 1999

Mama yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Magoti nilipiga, kwenye sakafu ya jiko la kantini. Bernadina alinisamehe, akaniongezea na maharage.

Barua yako nilimsomea Nitin, kisha Jumatano nikaisomea darasa zima. Hakuna aliyecheka. Dokta Cornel akasema mama yangu angetufundishia somo hili. Tulibomoa fomu yote tukaanza upya. Sasa inauliza kitu kimoja tu: “Wanaokupenda wanakuitaje?” Mengine anayetaka anajaza, asiyetaka anaacha. Mwezi mmoja tumepata watu mia moja na arobaini, mama! Na shemeji yake Bernadina yumo.

Niliandika: “Mhoja, nyumbani mama anakuhitaji. Vumilia.” Jasumati akabandika mlangoni. Ijumaa iliyopita, tarehe 21, ukaingia ujumbe huu. Nakunakilia ulivyo:

“Vumi, najua baba hayupo. Nilisikia mwezi wa nane nikaja. Nilifika mpaka njia panda, nikaona watu wamekaa nje, nikageuka nikarudi. Siku naondoka nilimwambia sitarudi mpaka afe. Nitaingiaje pale? Muulize mama kama atanipokea. Kila Ijumaa nitapita dukani kuangalia jibu. Mhoja.”

Mama, yu hai. Nililia mbele ya kompyuta na Nitin akalia. Naomba uniandikie jibu haraka, hata mstari mmoja. Nitauingiza siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Vumilia


Dar es Salaam,
17 Juni 1999

Mama,

Shikamoo. U mzima kweli? Wiki tatu sijapata neno lako.

Jasumati anasema Ijumaa tatu sasa Mhoja anakuja dukani, anasoma karatasi za mlangoni, anaondoka bila kununua kitu. Ningeweza kumwandikia mimi, lakini hakuniuliza mimi. Kwenye kompyuta ujumbe wake umekaa pale pale na neno chini yake: HAUJAJIBIWA. Tarehe 30 tunaonyesha kazi kwa mara ya mwisho. Wala sijali alama. Naogopa atachoka kuja.

Mama, una hasira naye? Alimwambia baba neno baya, najua. Kama huwezi kumsamehe niambie, nitalibeba. Ila usinyamaze.

Vumilia


Kolandoto,
24 Juni 1999

Kwa mwanangu Vumilia,

Marahaba, mama. Mimi mzima. Pole kwa hofu niliyokutia.

Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe tisa. Nilichukua kalamu siku nne mfululizo. Kila nikiandika “njoo” naona ni kaneno kadogo mno. Hasira ninayo, sikufichi. Aliniachia mume mwenye kidonda moyoni, miaka mitatu na nusu nikawa nakiuguza peke yangu. Sasa neno kama hilo nilitundike mlangoni pa duka, asome amesimama na watu wakimsukuma? Nikaona hapana.

Nikaacha pamba shambani, nikapanda basi mpaka Mwanza, nikavuka kwa kivuko, Alhamisi jioni nikawa Geita. Jasumati alinipokea kama ndugu. Nilimwomba asiwaandikie ninyi kitu.

Ijumaa saa nne akaja. Amekonda, Vumi. Ana ndevu, viatu havifanani. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ndani ya duka, yeye hakutazama ndani. Alisimama mlangoni akasoma karatasi moja moja kwa kidole mpaka ya mwisho. Akarudia tena kuanzia ya kwanza. Mimi nataka kuinuka, siwezi, machozi yananizuia hata kuona. Alipogeuka kuondoka ndiyo sauti ikanitoka. Nikasema, “Wee! Jibu nimelileta mwenyewe.”

Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, katikati ya wateja. Sikumwambia nimekusamehe. Nilimwambia ainuke anibebee mfuko, maana mguu unaniuma. Akaubeba mpaka nyumbani.

Baba zako wadogo wamekuja jana, wamemtazama, wamekubali. Tarehe kumi na saba mwezi ujao atakaa mahali pake. Mtihani wako ukiisha njoo, usichelewe. Na huyo mwalimu wako mwambie afute lile neno lililo chini ya ujumbe wa kaka yako.

Siku mbili za kwanza alilala tu. Leo asubuhi aliamka akaniuliza kaburi liko upande gani. Nikampeleka. Amekaa hapo mpaka jua limekuwa kali, na mimi nimekaa naye.

Mama yenu