Picha Juu ya Kitambaa Cheupe

Dzaleka, 9 Juni 2025

Mdogo wangu Mapendo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetutoa Uvira tukiwa bado na miguu. Huku kambini tu wazima, ila baridi ya mwezi huu haina huruma na mtu. Wewe je, afya? Mashine ya kushona inatembea? Naomba mimi dada yako mkubwa, safari hii ujibu yote, maana siku hizi barua zako zinaisha kabla sijakaa vizuri.

Tangu Noeli hujakanyaga hapa. Biwi ni Lilongwe hapa, si Kanada, mama. Mwanao Kirezi anakukumbuka kwa picha tu, ile uliyopigwa na gauni la bluu. Kila asubuhi kabla ya uji anasimama chini yake ukutani, anasema, "Bonjour mama," halafu anakuchungulia meno. Ameamua kwamba ule mwanya wako ni mlango. "Mama iko na mlango ndani ya meno," anawatangazia wenzake, na wenzake wanamwonea wivu.

Chekechea inaendelea. Muhula huu tunawafundisha batoto mabadiliko, na hatutumii ubao. Tunaweka nyanya mbichi dirishani, kila asubuhi wanaipapasa mpaka iwe nyekundu. Tunakanda unga wa mandazi, wanautazama ukivimba, wanacheka. Na tuna mchezo mmoja nilioubuni mwenyewe, usinicheke. Mtoto anaingia nyuma ya kitenge, anabadilisha kitu, anageuza shati au anajipaka unga puani, anatoka na kusema, "Njo mi tu," yaani ni mimi tu. Wengine lazima wataje kilichobadilika, kisha wataje kisichobadilika. Anayeshindwa anarudia.

Anayenitoa jasho ni Kirezi wako. Mwalimu Ambroise, mwenzangu, alinyoa ndevu wiki iliyopita. Kirezi alipomwona aliingia chini ya benchi akalia kwamba huyu ni mwizi amevaa shati la mwalimu. Tulimbembeleza kwa mandazi, kwa wimbo, kwa kila kitu. Alitoka saa ya kwenda nyumbani, na mpaka leo hampi Ambroise mkono.

Njoo, Mapendo. Barua hii naituma kwa Rachidi, yule mfanyabiashara wa Kindu anayekwenda soko la Tsoka huko Lilongwe kuchukua bidhaa. Nijibu kupitia kwake.

Yaya wako,
Eugénie


Biwi, Lilongwe, 20 Juni 2025

Yaya yangu mpendwa,

Amani iwe nanyi. Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani, ndiyo maana siji. Simu yangu iliharibika, kwa hiyo Rachidi ndiye simu yetu. Jirani yangu Gabriella atakuwa ananichukulia barua kwake.

Niambie kidogo kuhusu huo mchezo wa kitenge. Na Kirezi, amempa Ambroise mkono? Je, akiona mtu amebadilika usoni, yaani uso kabisa, anazoea baada ya muda gani? Nauliza tu.

Mbusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Mapendo


Dzaleka, 27 Juni 2025

Mapendo,

Shalom. Tu wazima. Kirezi alikohoa, tukampa asali, akataka kukohoa tena.

Ambroise bado hajapewa mkono. Ila jana, kwenye mchezo, alijificha nyuma ya kitenge, akatoka na kofia, na Kirezi akasema kwa sauti ndogo, "Ndevu haiko. Lakini viatu njo bya mwalimu." Niliona nimeshinda vita. Atazoea, lakini kwake mambo huenda polepole.

Sasa na mimi niulize tu. Mtu anayeshona sare anauliza habari za nyuso kwa nini? Umechukua mwanamume mwenye kovu? Niambie mapema nijiandae kumtazama bila kushangaa.

Yaya wako,
Eugénie


Biwi, 8 Agosti 2025

Yaya Eugénie,

Pole kwa kimya changu. Najua uliuliza kila Ijumaa kwa Rachidi. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi, leo naimaliza hata ikiwa mbaya.

Mwezi wa tatu nilikuwa na haraka ya kumalizia nguo za harusi. Pasi yangu ya makaa ilikataa kushika moto. Nilimimina petroli kidogo juu ya makaa, kama tunavyofanya mafundi wote hapa, kila mtu anajua ni ujinga na kila mtu anafanya. Ndani kulikuwa na kaa moja lililo hai. Moto uliruka ukanishika usoni. Simu yangu iliungulia mezani.

Nililala hospitali wiki nyingi. Nimepona, namshukuru Mungu, macho yote mawili yanaona. Lakini uso ule wa gauni la bluu haupo tena. Upande wa kushoto nyusi imeisha, sikio limejikunja, mdomo umevutwa juu, na ngozi ina wekundu unaong'aa. Gabriella ananipelekea nguo kwa wateja kwa sababu wengine wakiniona wanasahau walichotaka kusema.

Sasa unajua kwa nini nilikuuliza. Mtoto aliyeingia chini ya benchi kwa sababu ya ndevu, mimi nitamtokea na uso huu? Yaya, naogopa. Naogopa aseme kwamba mimi ni mwizi aliyevaa gauni la mama yake. Hilo likitokea sijui nitasimama vipi tena.

Usimwambie mtu. Huko habari hazina mlango. Lakini mwandae Kirezi kwa michezo yako, kidogo kidogo. Siku utakaponiambia yuko tayari, nitakuja.

Mdogo wako,
Mapendo


Dzaleka, 12 Agosti 2025

Mdogo wangu, damu yangu,

Leo sina salamu. Niliisoma barua yako nimesimama, nikakaa chini hapohapo kwenye vumbi, mpaka Ambroise akauliza nani amekufa. Nikasema meno yananiuma. Miezi mitano, Mapendo. Ulilala hospitali peke yako, na mimi huku nakutania habari za mwanamume mwenye kovu. Nimekukasirikia sana na nimelia sana, na siwezi kukuambia kipi kimezidi.

Sitasema kwa mtu. Kuhusu Kirezi, nimefikiri. Kosa ni letu sisi tuliompa picha aiamkie kila siku. Nyanya inaiva, unga unavimba, Ambroise ananyoa, ni mama peke yake asiyebadilika. Basi tutaanzia kwenye picha yenyewe. Wiki ijayo nitaichukua chekechea, nitapaka masizi juu ya kioo upande mmoja, na batoto watataja kilichobadilika na kisichobadilika. Kisha tunafuta. Kesho yake tunapaka zaidi. Ataona kwamba chini ya masizi ni wewe tu.

Kula. Lala. Mwambie Gabriella huyo kwamba ana dada mwingine Dzaleka.

Yaya wako,
Eugénie


Dzaleka, 20 Agosti 2025

Mapendo,

Ukiwa umesimama, kaa. Hapa Dzaleka wewe umekufa.

Sijui nianzie wapi. Jana asubuhi niliitoa picha yako ukutani nikaenda nayo chekechea. Uani kuna meza ndogo, imechakaa, nikatandika kitambaa cheupe ili fremu isichubuke. Nikaweka picha. Nikaenda jikoni kwa Mama Orpa, mpishi wetu, kukwangua masizi kwenye sufuria. Akili yangu ilikuwa kwenye masizi tu. Picha ya mtu imetolewa nyumbani, imewekwa uani, juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe! Tumekaa matanga mangapi, Mapendo? Mtoto wa miaka minne anajua maana yake, mimi mwalimu sikuona.

Nilipogeuka batoto wote walikuwa wamekaa chini. Wengine wameshika vichwa. Mmoja alianzisha wimbo wa msiba na wengine wakaitikia vizuri kabisa, sauti mbili. Walikuwa wanacheza tu, wanavyocheza soko na harusi. Mama Orpa alinifuata mlangoni, akaona, akaangusha sufuria yake.

"Mapendo njo amekufa, na we unatuficha?"

Nikasema hapana. Nikasema ni mchezo. Akauliza mchezo gani wa picha ya mtu mzima kwenye kitambaa cheupe, na kwa nini mikono yangu ni myeusi, na kwa nini wiki iliyopita nilikaa kwenye vumbi nikilia. Ningejibu nini bila kutoa siri yako? Nikanyamaza kidogo tu, na kule kunyamaza ndiko kulikokuzika.

Kufika saa sita mikeka ilikuwa imetandikwa kwangu. Wakaja na unga, kuni, maharage. Korasi ya kanisa ikaja na ngoma. Kila nikisema uko hai, wananishika mikono, wanasema wacha alie, akili itarudi. Mchungaji ameomba Mungu anipe nguvu ya kukubali. Nilitaka kupiga simu ya Gabriella, nikakumbuka sina namba yake. Hata kama ningekuwa nayo, wangesema sauti ni ya zamani.

Lakini haya yote ningeyacheka siku moja. Sicheki kwa sababu ya Kirezi. Hakucheza na wenzake. Alisogea karibu na meza na tangu hapo hatoki kwenye picha, wameihamishia kwangu na yeye ameifuata. Hali. Halii. Jioni alinivuta kanga akaniuliza, "Mama mkubwa, mama akibadilika akakuwa mufu, iko mama bado?"

Nilimwambia hujafa. Akanitazama, akawatazama wale wote waliokaa kwenye mikeka wakilia, na hakuniamini.

Hayuko tayari kwa uso wako. Sikufichi, sitaki kukudanganya. Lakini nimeshindwa, Mapendo. Njoo.

Eugénie


Biwi, 24 Agosti 2025

Yaya yangu,

Salamu kutoka kwa marehemu. Niliondoka alfajiri kuwahi chumba nilichokiacha wazi, bila kuzungumza nawe vizuri, watu walikuwa wengi mno na kila mmoja alitaka kunigusa. Na lile lililotokea ulipokuwa umekwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watu waache kuja matangani, hukuliona. Naliandika sasa.

Kwanza Rachidi. Gabriella alikuwa na homa, nikaenda Tsoka mwenyewe, nimejifunika kitenge mpaka machoni. Nikaomba barua ya Mapendo wa Biwi. Akavua kofia.

"Pole sana, mama. Mwenye hii barua alisha kufa. Dada yake iko anaandikia marehemu, nilishindwa kumukatalia."

Yaya, niliinama. Nilimshukuru. Nilipokea barua ya kifo changu na kumshukuru aliyeileta. Nikaisoma nyuma ya magunia ya dagaa, na nilipofika kwenye swali la Kirezi sikurudi hata kufunga mlango wangu. Nilipanda minibasi nikiwa na mkasi wa kushonea mfukoni.

Nyumbani kwako nilikuta ngoma. Nilisimama nyuma ya wanawake, nikasikia korasi ikiimba jina langu. Nikafunua kitenge ili niseme. Mama Orpa ndiye aliyegeuka wa kwanza. Sijawahi kuona mikeka ikiachwa haraka hivyo. Mpiga ngoma aliondoka na vijiti akaacha ngoma. Nilibaki uani na sufuria za maharage, na picha yangu, na Kirezi.

Yeye hakukimbia. Alikuwa amekaa karibu na meza, ananitazama. Niliona kidevu chake kikianza kutetemeka na nikajua sasa anaingia chini ya meza. Mimi ndiye niliyejificha, Yaya. Niliinua kitenge nikajifunika uso wote. Nilitaka kuondoka. Na humo ndani ya kitenge, sijui ilitoka wapi, nikasema, "Njo mi tu."

Kisha nikasikia sauti ndogo, ya mtu aliye kazini:

"Toka, nione."

Nikatoka. Alisimama, akaja mpaka karibu. Akasema nyushi moja haiko. Akasema sikio imekuwa ndogo. Akanyoosha kidole, akagusa hapa penye wekundu, akauliza kama inauma, nikasema haiumi tena. Akasema mdomo imepanda juu. Alikuwa anazitaja polepole, kama ulivyomfundisha, na kila alichokitaja kiliniingia kama sindano, lakini hakusahau hata kimoja.

Halafu nikamwuliza, "Na nini haijabadilika?"

Akasema, "Fungua kinywa." Nikafungua. Akachungulia.

"Mlango," akasema. Na hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, na watu wakaanza kurudi mmojammoja kwenye uzio.

Ningependa kuishia hapo, lakini hakuishia hapo. Alijifuta pua, akanipokonya kitenge, akasema sasa ni zamu yake. Akaenda nyuma ya mlango wako, akakaa huko kidogo, akatoka. Amesimama wima, mikono mbavuni. "Njo mi tu," akasema. "Taja."

Nikamtazama, Yaya. Nikamtazama kuanzia kichwani. Kovu lile la goti, sikulijua. Nywele zimesukwa kwa mtindo sijui wa nani. Je, alikuwa mrefu hivi Noeli? Yale macho yalikuwa hivyo, au yamekuwa makali? Sikujua alichobadilisha nyuma ya mlango, na sikujua vilivyobadilika kabla ya hapo. Nilikuwa nimeogopa uso wangu miezi yote hii, na wake ulikuwa unabadilika bila mimi. Nikafungua kinywa, sikuwa na hata kimoja cha kutaja.

Alisubiri. Alinipa muda, mtoto huyo. Kisha akasema bila hasira, "Mama imeshindwa. Itarudia."

Kwenye mchezo wenu anayeshindwa anarudia, ndivyo ulivyoniandikia. Namalizia sare za watu, nafunga chumba. Toa ile picha, weka popote utakapo, na uniachie nafasi ya mashine chini ya dirisha penye nyanya zenu. Nakuja Jumamosi, na sirudi tena huku.

Mama Kirezi,
mdogo wako Mapendo