Kiini cha Sita ni cha Nani?

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nakuandikia nikiwa nimejificha nyuma ya pazia jeupe tunalopigia picha za pasipoti, na mama yangu yuko upande wa pili akiniuliza kila baada ya dakika mbili kama nimepata jibu, nami namwambia asubiri kwanza, bado napima mambo ya kiufundi, ingawa hakuna ninachopima isipokuwa umbali kati yangu na mlango wa nyuma.

Sisi ni watu wa nyumba moja na tunafanya kazi pamoja katika studio ya picha na video, yenye chumba cha mbele cha kupokelea wateja na chumba cha nyuma chenye kompyuta moja. Tuko watano: mama, anayepokea wateja na kuandika majina yao, mimi, mtoto wa kwanza, ninayepiga picha, dada yangu anayenifuata, anayesafisha picha kwenye kompyuta, yaani anafuta chunusi, ananyoosha kola na kuwafumbua macho watu waliopepesa, mdogo wetu wa mwisho, naye ni baba wa watoto wawili, anayerekodi na kuunganisha video za harusi, na mke wangu, anayechapa picha na kuzikata. Mimi wananiita Injinia. Jina hilo nililipata siku nilipoizaba printa kofi la ubavuni ikaanza kuchapa, na tangu siku hiyo kila kitu chenye waya huletwa kwangu, wala sijawahi kusema kwamba sijui, kwa kuwa mtu akishaitwa Injinia kwa miaka tisa huona haya kuuliza.

Kompyuta yetu imezeeka. Mdogo wangu akiipa video ya harusi iichakate, feni inanguruma, skrini inaganda, na kazi za watu wengine zote zinasimama. Dada yangu hungoja ameegemea ukuta, kwa kuwa kiti cha pale ni kimoja nacho mara nyingi huwa nimekikalia mimi nikikagua picha. Majuzi bibi harusi mmoja alikuja mara ya tatu kufuata video yake, akatuuliza kwa upole kama itakuwa tayari kabla hajapata wajukuu.

Basi tukakubaliana kununua kompyuta mpya ya mezani, nami nikaenda dukani na mke wangu, naye akanitambulisha kwa muuzaji kwamba mume wake ni Injinia, na yule muuzaji akafurahi, akaniuliza, "Unataka prosesa yenye viini vingapi?" Mshauri, kiini ninachokijua mimi ni cha yai. Nilipaswa kumwuliza hapo hapo, lakini nilikunja uso, nikatazama dari kama mtu anayekumbuka jambo zito, nikasema kwamba sisi tuko watano, kwa hiyo lazima kwanza nikashauriane na wenzangu.

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza. Marehemu baba alituachia utaratibu mmoja: kitu chochote kikiingia nyumbani kinagawanywa kwa vichwa. Misumari ya kutundikia makoti ina majina yetu, madirisha ya studio kila mtu ana lake la kufuta, na rafu za kabati la vyombo zimegawanywa hivyo hivyo. Mke wangu, ambaye amekwisha kuwa mtu wa nyumba hii kabisa, alitangaza mezani kwamba kompyuta mpya ina viini na kila mmoja atapata chake. Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo. Tena, Mungu anisamehe, nikaongeza kwamba kiini cha mtu hakiguswi na mtu mwingine.

Kesho yake mama alikuwa ameandika vibandiko vitano vyenye majina yetu kwa mwandiko wake mzuri, ili fundi akija kuifunga kompyuta avibandike, kimoja juu ya kila kiini. Nilipompigia muuzaji simu kumwambia kwamba tunataka vitano, alisema vitano hana. Ana prosesa za viini sita, vinane na kumi na sita.

Nilichagua sita, nikadhani nimefika salama, na hapo ndipo vita vilipoanza, kwa sababu kiini cha sita hakikuwa na mwenyewe. Mdogo wangu alisema ni chake, kwa kuwa video ni nzito. Mke wangu alisema kiwe cha wageni. Mama alisema anastahili viwili, kimoja cha majina ya wateja na kimoja cha mchezo wake wa karata, anaoucheza pasipokuwa na mteja, na nilipojaribu kumweleza kwamba karata si kazi, alinitazama kwa huzuni akasema, "Nimekubeba miezi tisa, leo unanipimia kiini?" Nikafikiri ninunue vinane, lakini hapo vitabaki vitatu vya kugombaniwa, na vikiwa kumi na sita vitabaki kumi na kimoja, na nyumba yetu haina nguvu ya ugomvi wa ukubwa huo.

Siku mbili hizo dada yangu aliendelea kusafisha picha zake. Jumatatu alitwambia kwamba studio ya ng'ambo ya barabara imemwita na amekubali kwenda, ila kama tutampa sababu ya kubaki. Wote tukaanza kusema kwa pamoja. Yeye akanigeukia mimi peke yangu, akanitazama bila kupepesa, akasema, "Basi, kaka, Ijumaa fundi akija, nitolee changu nihame nacho."

Sijui kama kiini kinatoka. Nikimwambia hakitoki, ataniuliza kwa nini niliwaambia kila mtu ana chake. Nikisema kinatoka, atakitaka. Na akiondoka, hakuna mwingine kati yetu anayeweza kuyafumbua macho ya mtu katika picha yakafanana na macho ya mtu huyo. Mdogo wangu alijaribu mara moja, na mteja akakataa kwamba yule ni mume wake. Niambie, mshauri, ninunue viini vingapi ili watu wangu waridhike na dada yangu asiende?

Ni mimi,
Injinia, nyuma ya pazia

*

Injinia,

Toka nyuma ya pazia. Mtu mwenye mke, mama na studio hajifichi mahali ambapo wateja huketi kupigwa picha.

Nakuhurumia, kwa sababu aibu ya kuuliza ni mzigo wa kweli, na wewe umeubeba miaka tisa bila kuutua. Lakini huruma yangu inaishia hapo. Hukuulizwa swali gumu. Uliulizwa swali ambalo muuzaji angelieleza kwa furaha, maana ndiyo kazi yake. Mimi nilipoisoma barua yako sikujua kiini cha kompyuta ni nini, na umri wangu ni mkubwa kuliko wako. Nikavaa viatu, nikaenda kwa fundi wa kompyuta aliye chini ya ofisi hii, nikamwambia, "Sijui, nieleze." Alinieleza kwa dakika kumi na hakunicheka. Sasa nikueleze nawe.

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya kazi ya kufikiri, na viini ni kama wafanyakazi walioketi ndani yake. Si mali ya mtu. Hakiwi cha mama wala cha wageni. Kompyuta yenyewe ndiyo inayowapa kazi, mara huyu, mara yule, mara wote kwa pamoja, wala haijui nani amezaa nani. Vyote vimo katika kipande kimoja kidogo kuliko sanduku la kiberiti, tena kimefunikwa. Havionekani, havitoki, na havibandikwi kitu.

Wingi wao unasaidia pale tu kazi inapogawanyika. Ukitaka kuchemsha yai moja, wapishi kumi na sita hawataliivisha haraka kuliko mpishi mmoja. Lakini ukiwa na mayai mia tatu ya kumenya, waite wote. Kuchakata video ya harusi ni mayai mia tatu. Kusafisha picha ni mayai machache. Majina ya wateja ni yai moja, na karata za mama yako ni ganda la yai.

Kwa hiyo husemi, "Tuko watano, tupe vitano." Unauliza, "Kazi yetu iliyo nzito kuliko zote ni ipi?" Kwenu ni video. Nunua prosesa yenye viini vinane. Sita vingetosha kwa shida, na kumi na sita ni vya watu wanaotengeneza filamu kutwa kucha. Kwenu vingi vingekaa bure. Fedha utakazookoa kwa kuacha kumi na sita zitie kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani ile meza yake ya kuwekea kazi inayoendelea, kwa sababu fundi anashuku kwamba skrini yenu inaganda kwa kukosa kumbukumbu pia, wala si viini peke yake. Usimwamini yeye wala mimi. Leo, mdogo wako anapochakata video, fungua ule ukurasa unaoonyesha jinsi kompyuta inavyotumika, uangalie ni kipi kimejaa. Andika unachokiona, umpelekee muuzaji. Ukifika hapo, mwambie jina lako na kazi yako ya kupiga picha. Usimwambie kwamba wewe ni Injinia.

Kompyuta ya zamani msiitupe. Iwekeni chumba cha mbele. Itamtosha mama yako kwa majina na kwa karata, naye atakuwa amepata kompyuta nzima, jambo ambalo naamini litaponya ile miezi tisa.

Sasa nije kwa jambo lenyewe, ambalo hukuliuliza.

Dada yako anajua. Mtu anayeshinda mbele ya kompyuta akifumbua macho ya watu hawezi kudhani kwamba kiini cha prosesa hufungwa kwenye karatasi na kubebwa ng'ambo ya barabara. Alipokwambia umtolee chake, alikuwa anakupa nafasi ya kusema neno moja, "Sijui," na ndiyo sababu alikutazama wewe peke yako. Wewe ukaja kuniandikia mimi. Amefumbua macho ya mji mzima; yako wewe yamemshinda.

Tena soma barua yako. Viini umevitaja mpaka nimechoka. Kiti umekitaja mara moja tu, kwa kupita, kwamba ni kimoja, kwamba unakikalia wewe, na kwamba dada yako huegemea ukuta. Nyumba inayogawanya hata misumari imemwachaje mtu huyo amesimama? Kukagua picha unaweza kukagua hata ukiwa wima. Kazi yake haifanyiki wima. Haondoki kwa ajili ya prosesa, mwanangu. Anakwenda kuketi.

Leo jioni, wote mkiwa mezani, sema haya kwa mpangilio huu: kwamba hukujua viini ni nini; kwamba haviwezi kugawanywa; kwamba uliwadanganya kwa sababu uliona haya. Usitie neno "lakini" mahali popote. Watacheka. Mama yako atacheka kuliko wote, na jina la Injinia huenda likabaki kama utani, nalo litakufaa zaidi hivyo. Kisha pangeni saa: asubuhi dada yako anasafisha picha, mchana mdogo wako anashughulikia video, na wewe unakagua dakika zitakazobaki, umesimama.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda dukani kuuliza habari za prosesa, nunua kiti cha pili. Vile vibandiko vya mama yako visipotee, maana mwandiko mzuri hautupwi. Chukua kile chenye jina la dada yako, kibandike nyuma ya kile kiti cha zamani, kilicho mbele ya kompyuta. Kile kipya kiweke ukutani, pale alipokuwa akiegemea yeye, ukikalie wewe ukingoja zamu.