Bushi za Nyuma za Gari la Baba Mkwe

Mpendwa Shangazi Naomi, pole na kazi ya kubeba mizigo yetu, nami naomba unisaidie huu wangu maana nimeubeba tangu mwezi wa tatu na hata mume wangu Ambakisye haujui. Mimi ni fundi wa magari hapa Bondeni, Kyela, ni mwanamke, na usianze kushangaa, kazi naijua. Baba mkwe wangu, ambaye jina lake siliandiki kwa sababu kwetu mke halitaji jina la mkwe, alikuwa karani wa meli bandarini Itungi na ujanani alinunua gari la spoti, jekundu, la milango miwili, la mwaka themanini na nane, analipenda kuliko shamba lake la kokoa la Talatala. Sasa Shangazi, sisi Wanyakyusa wengine bado tunashika ile desturi kwamba mke na baba wa mume wake wasionane uso kwa uso, yeye akija kuona wajukuu mimi natoka kwa mlango wa nyuma nakaa migombani mpaka aondoke, na si ugomvi, ni heshima. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuja kwa miguu, tukakutana mlangoni nimejifunga kanga moja, basi mimi nilikimbia na yeye alikimbia, na hakurudi kwetu miezi saba, mtoto wetu akaanza kutambaa babu yake hajamwona. Sitaki yale yarudi.

Kilichotuokoa ni bushi. Zile raba zinazoshika mikono ya magurudumu ya nyuma zimekwisha, gari linagonga, ngo-ngo, ngo-ngo, nalisikia tangu kona ya kanisa, naacha mboga jikoni natoka taratibu kama mtu asiye na haraka. Mwezi wa tatu Ambakisye alilileta gereji kubadilisha oili, nikaingia chini, nikakuta raba zimechanika na mkono wa kushoto unacheza kama jino la mtoto. Nikanunua bushi mpya, nikazificha chini ya spana, nikamwambia mume wangu gari ni zima. Naona aibu hata kuandika. Mzee mwenyewe halalamiki, na ni mtu wa masikio, mlango ukilia kidogo tu anatuma upakwe grisi, ila Ambakisye alipomwambia habari ya kule kugonga kwa nyuma alisema liache kwanza. Nadhani na macho yameanza kupungua nguvu, maana mashimo yote anayakwepa, lile la mbele ya nyumba yetu tu ndilo anapita katikati. Wiki iliyopita mvua ikinyesha gari lilimponyoka kwenye barabara ya Itungi likaingia shamba la mpunga, akasema ni utelezi, na mimi najua si utelezi. Jumamosi anampeleka mama mkwe Tukuyu, na kuna ule mteremko wa kurudi. Nikizifunga bushi gari litakuja kimya, nisipozifunga sijui kama litakuja. Nifanyeje?

Fundi wa Bondeni

Fundi,

Pole. Sasa nianze kukugombeza. Umelala chini ya gari la mzee wa watu, umeona ubovu kwa macho yako, ukampa oili mpya ukamwachia aende. Angekuwa mteja mwingine ungemnyang'anya ufunguo.

Desturi yenu siigusi. Mama yangu naye alikaa migombani kwa ajili ya babu, akatoka na majani kichwani, na hakuna aliyekufa. Hapa anaweza kufa mtu, na ubavuni mwake atakuwa mama mkwe wako.

Lakini hebu soma tena barua yako. Mzee anayesikia mlango ukilia, hasikii gari zima likigonga? Anayakwepa mashimo yote tangu Talatala, halafu haoni moja tu, nalo liko mlangoni pako? Fundi mzima wewe! Macho yake hayana shida. Anapita mle makusudi ili umsikie, utoke bila aibu, na amekataa gari lisitengenezwe kwa sababu hiyohiyo. Mmekuwa mkilinda jambo moja nyote wawili. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa karani, hajui bushi zikiisha gurudumu la nyuma linajichagulia njia. Wewe unajua.

Kwa hiyo zitoe chini ya spana leo, mtume Ambakisye akalichukue gari, usingoje Ijumaa. Badilisha pande zote mbili, na boliti usizikaze gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Lishushe, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo raba zitajipinda na kuchanika upya. Ulishalijua hilo, ila mwenye hofu hukosea hata kazi yake. Kisha mweleze Ambakisye yote, pamoja na ya mwezi wa tatu. Atakasirika, mwache akasirike. Akimaliza, arudishe gari kwa baba yake na amfikishie maneno haya, kwa kuwa wewe huwezi: mkwe wako anasema ndaga fijo, asante sana kwa lile shimo, sasa lipite pembeni, na ukifika kona ya kanisa piga honi.