Kaburi la Kwanza Kando ya Njia ya Lubudi

Tata,

Mahindi uliyopanda wewe tumeyavuna sisi. Mama alisimama kwenye mstari wako wa mwisho, hakutaka mtu auguse mpaka alipokwisha kulia.

Unakumbuka siku Tata mdogo alipofika na gari kukupeleka Kolwezi? Hukumbuki. Ulikuwa kwenye mkeka, umefunikwa. Basi nikuambie. Alisema, "Kaka yangu hatalala mu pori. Hapa hata jina hapana." Na mimi binti yako, mwalimu wa shule ya Musonoi, nikamuunga mkono. Nikasema mbele ya watu wote: hapa si kijiji.

Tangu utoto nilipaonea haya hapa. Nyumba kumi na moja, kanisa la nyasi. Ulipomaliza kazi ya mgodi, wenzako walipanda treni kurudi kwetu Kasai. Wewe na familia mbili mkafuata njia ya Lubudi kwa miguu. Chifu mzee wa udongo, mwenye ardhi hii, akapokea kuku na chumvi, akawaonyesha kutoka mtoni mpaka kwenye kichuguu, akasema, "Mulime." Karatasi hakuna.

Mama ndiye aliyekataa. Hakupaza sauti: "Hapa alilima, hapa atalala." Tata mdogo akaondoka bila kuaga. Tukakuzika nyuma ya mihogo, na mimi nililia, Tata, lakini nilikuwa na hasira pia.

Kiangazi akaja karani wa zone, mtu wa serikali, amevaa suti ya abakosti, na barua ya Kifaransa. Alinipa mimi niisome kwa sauti. Wote wanaokaa nje ya vijiji vinavyojulikana wahame kabla ya mvua. Akauliza, "Nani alitoa ruhusa mukae hapa?" Chifu mzee alikwisha kufa. Mwanawe ndiye aliyekuja na karani. Karani akamgeukia: "Unabajua hii batu?"

Tuliona mwana wa chifu anamwogopa karani. Kisha akamuuliza Mama, "Mulisha kuzika mutu hapa?"

Mama akamtangulia kwenye mihogo. Alipofika kwako, mwana wa chifu alivua kofia, akasimama. Waliporudi alimwambia karani, "Balizika mutu yao mu udongo ya tata yangu na babu yangu. Mi siwezi kubafukuza. Andika hivyo."

Karani akaandika. Alisema watarudi, na labda watarudi. Lakini mvua zimeanza, na moshi bado unatoka katika nyumba zote kumi na moja.

Ningeshinda mimi siku ile ya kukuzika, leo watu hawa wangekuwa barabarani na masufuria yao vichwani. Hakuna anayenilaumu, hata Mama. Hilo ndilo linaloniumiza. Nisamehe, Tata.

Asubuhi kumetulia mno. Mashine za mgodi ziliharibu masikio yako, ukawa unasali kwa sauti kubwa hata aliyekuwa mtoni akaitikia Amina. Nilikuwa nakuambia, "Tata, pole pole, Mungu si kiziwi." Ulicheka. Sasa Mama anasali peke yake, na sauti yake haifiki hata mlangoni.

Nakuahidi kila likizo nitakuwa hapa, nifundishe watoto kusoma ndani ya kanisa. Wameshaanza kuniuliza lini. Na siku yangu ikifika, nimekwisha kumwambia Mama: kushoto kwako ni pake, kulia nimeomba mimi.

Lala salama, Tata wangu.

Binti yako,
Ngalula