Mwingereza na Sahani ya Mama Halina

Minneapolis, Jumapili, Januari 1996

Shikamoo Dada Rehema,

Huku theluji inafika magotini, na mpangaji mwenzangu, Mwingereza aitwaye Colin, alikuwa ameamua kuhama. Mwenye nyumba wetu ni mama wa Kipolandi, Mama Halina. Kila jioni hutupikia vitu kama sambusa, ila vya kuchemsha, vimejaa viazi na siagi. Colin alifundishwa kwao kwamba adabu ni kumaliza sahani. Mama Halina alifundishwa kwao kwamba sahani tupu ni ya mtu mwenye njaa. Basi Colin anamaliza, mama anaongeza, wiki ya tatu sasa.

Jana mama alinivuta jikoni, macho mekundu. "Mwenzako anahama. Namlisha vyote hivi na bado hashibi. Majirani watasemaje?"

Nikapanda juu, nikamkuta Colin anafunga sanduku, kifungo cha suruali kimemshinda. "Hamisi, huyu mama ataniua. Ninyi kwenu mnafanyaje?"

Fikiria, Dada, Mwingereza ananiuliza mimi namna ya kuishi na Wazungu. Nikamwambia alichotufundisha mama yetu: mgeni hubakiza kidogo.

Jioni akabakiza viwili, akiangalia huku na huku kama mwizi. Mama Halina akakaa chini, akashusha pumzi. "Ameshiba," akasema. Sanduku limerudi uvunguni. Vile viwili Mama Halina alivihamishia kwenye sahani yangu.

Niamkie Mama. Mwambie malezi yake yamewapatanisha Wazungu, na mwanawe ananenepa.

Mdogo wako akukumbukaye,
Hamisi